Ukidaiwa Mafao ya Kukosa Kazi Uliyokwisha Kula

Mama mmoja wa kanisani kwetu alinifuata baada ya ibada, akatoa bahasha kwenye mkoba. "Mwalimu, unisomee hii. Njo ile ya serikali." Bahasha ilikuwa bado imefungwa, ina duara la mafuta ya mawese, maana alikuwa ameiweka juu ya friji akaikalishia chupa. Nilipoichana niliona kwanza tarehe, kisha hesabu: dola 4,312. Jimbo lilikuwa linasema limemlipa wiki 22 za mafao ya kukosa kazi yasiyo haki yake, kwa hiyo ayarudishe. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu barua itumwe. Alikuwa ananisoma uso wakati mimi nasoma karatasi, na kabla sijatafsiri neno akasema, "Hizi makuta nilishakula zote." Makuta ni fedha.

Nimeshika barua za aina hiyo nyingi tangu mwaka wa korona. Hapa Marekani wanaoniletea ni watu wa kiwanda cha nyama na wa maghala: Wakongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Warundi, Wakenya wachache, mara mojamoja Mtanzania aliyeshinda bahati nasibu ya viza. Wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaoificha barua mpaka iote mizizi, na kuna wanaokimbilia kulipa siku hiyohiyo, hata kwa kukopa, kwa sababu wamelelewa wakiambiwa dawa ya deni ni kulipa. Hao wa pili huwa nawaambia kwamba hata zahanati hawakupi dawa kabla ya kipimo. Barua hiyo ni madai. Kama ni deni kweli, na kama utalilipa lote au sehemu tu, hayo bado yanaweza kubishaniwa, na nafasi yako ya kubisha ni ya siku chache.

Siku ya kwanza

Chukua kalamu. Zungushia duara tarehe ambayo barua ilitumwa na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Siku zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama wewe umeifungua jana, na Jumapili nayo inahesabiwa. Mafao haya yanaendeshwa na kila jimbo kwa sheria yake, kwa hiyo usimwulize binamu yako wa Kentucky ana siku ngapi. Iowa hutoa siku 10, Texas 14, California 30. Soma barua yako, ndiyo yenye neno la mwisho.

Halafu angalia ni wiki zipi zinazodaiwa na kwa sababu gani. Hapa watu wengi hujikwaa, kwa kuwa mara nyingi barua huwa zaidi ya moja. Moja inasema hukustahili mafao kwa sababu fulani. Nyingine, pengine iliyokuja siku mbili baadaye, inataja kiasi cha fedha. Mtu anakatia rufaa ile yenye fedha, maana ndiyo iliyomtia jasho, anaiacha ile yenye sababu. Muda wa ile ya kwanza ukiisha, sababu imeshakuwa ukweli kisheria, na ubishi wako juu ya kiasi hauna mguu wa kusimamia. Katia rufaa kila barua uliyopata, hata kama unaona unajirudia.

Mwisho tafuta neno moja la Kiingereza: fraud, yaani udanganyifu. Barua isiyo na neno hilo inasema ulilipwa zaidi, basi. Yenye neno hilo inasema ulidanganya kwa makusudi, na hapo mambo hubadilika. Sheria ya shirikisho inayataka majimbo yote yatoze faini isiyopungua asilimia 15 juu ya deni la udanganyifu. California hutoza 30. Msamaha wa deni unafungwa, na kwa mtu ambaye bado hajapata uraia kuna madhara mengine nitakayoyagusa chini. Kwa hiyo usidharau neno hilo hata kama deni ni dola mia mbili. Unaweza kukata rufaa dhidi ya neno peke yake: wiki hizi ninazikubali, nilikosea, lakini sikudanganya. Hiyo ni rufaa halali, na nimeona watu wakiishinda.

Kama siku zimeshapita, kata rufaa hivyohivyo na ueleze kwa nini umechelewa. Barua ilikwenda anwani ya zamani, ulikuwa umelazwa, iliandikwa kwa lugha usiyoisoma. Majimbo hayana huruma sawa katika hili, lakini anayepeleka kwa kuchelewa ana nafasi ambayo asiyepeleka hana.

Deni lilizaliwaje

Kabla ya kuandika chochote, jua kosa lilitoka wapi. Kwa watu wetu huwa linatoka sehemu zilezile.

La kwanza ni mshahara kabla na baada ya makato. Ukipata kazi ya siku mbili tatu huku bado unapokea mafao, kila wiki unaulizwa umepata kiasi gani. Jimbo linataka kiasi kabla ya makato. Mtu anafungua simu, anaona benki imeingia dola 397, anaandika 397. Lakini mwajiri ameripoti 480, maana ndizo alizolipa kabla ya kodi na bima. Tofauti ni dola 83. Kwa wiki 20 hizo ni 1,660, na mtu huyo hajaiba hata senti. Chukua slipu za mshahara, uziweke kando ya ulichoandika, wiki kwa wiki, na kosa litaonekana lenyewe.

La pili ni wiki yenyewe. Katika majimbo mengi wiki ya mafao huanza Jumapili na kuishia Jumamosi, na fedha unaziripoti katika wiki uliyofanya kazi. Wengi huziripoti wiki waliyolipwa. Kwa mtu anayelipwa kila baada ya wiki mbili, matokeo yake ni fujo tupu: wiki aliyofanya kazi inaonekana hakufanya, na wiki aliyokaa nyumbani inaonekana alikuwa tajiri. Hesabu ikipangwa upya, mara nyingi deni linapungua, kwa sababu kuna wiki ambazo jimbo lilimlipa pungufu.

La tatu linanihusu mimi kama mtu wa lugha, na ndilo lililomkuta yule mama. Kwa Kiswahili, kati ya kuacha kazi na kuachishwa kazi kuna silabi moja tu. Kwa sheria ya mafao, kati yake kuna dola elfu kadhaa. Aliyeacha mwenyewe bila sababu inayokubalika hastahili. Aliyeachishwa kwa kuwa kazi imekwisha anastahili. Yule mama alikuwa amepigiwa simu na ofisi, mkalimani akiwa kwenye laini, akaulizwa kazi iliishaje. Akajibu, "Niliacha wakati mashini ilifungwa." Alimaanisha kwamba kiwanda kilisimamisha mashine, wakaambiwa wasirudi mpaka waitwe. Mkalimani akatafsiri alichosikia: aliacha. Wiki zote zikageuka deni kwa kitenzi kimoja.

Hapo hapo kumbuka kwamba mwajiri naye ana maslahi. Tanzania, fao la kukosa ajira la mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, limefungwa kwenye michango ya mwanachama. Marekani, karibu majimbo yote, mfuko unajazwa na kodi ya waajiri, na kodi hiyo hupanda kadiri wafanyakazi wa zamani wa mwajiri wanavyolipwa mafao. Mwajiri anayesema uliacha mwenyewe anaweza kuwa anasema kweli, anaweza pia kuwa analinda mfuko wake. Akikata rufaa akashinda, wiki zote ulizokwisha lipwa zinageuka deni hata kama ofisi ilikuwa imekukubalia mwanzo.

Kwa wakimbizi kuna jingine. Mafao yanataka uwe na ruhusa ya kufanya kazi kwa wiki unazodai, na ofisi huikagua kwa kompyuta. Kadi ya kazi ikipita tarehe, wakati mwingine mashine inasema huna ruhusa. Mtu aliyepokewa nchini kama mkimbizi, au aliyekubaliwa hifadhi, ana ruhusa ya kufanya kazi kwa sababu ya hadhi yake hiyo. Kadi ni ushahidi tu, ikiisha ruhusa haifi nayo. Peleka karatasi ya kuingia nchini yenye muhuri wa mkimbizi. Na kama wewe ni mmoja wa wale wengi waliopewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, hakikisha deni ni lako kweli. Majina matatu yaliyopangwa ovyo na siku ya kuzaliwa ya watu elfu vinaweza kukuvika koti la mwingine.

Usidhani pia kwamba kompyuta haikosei. Michigan, kati ya 2013 na 2015, ilitumia mfumo ulioitwa MiDAS ambao uliwahukumu watu udanganyifu wenyewe, bila mtu kupitia faili. Jimbo lilipokagua kesi zaidi ya 22,000 zilizoamuliwa na mashine peke yake, asilimia 93 zilikuwa na makosa. Wakati huo faini ya Michigan ilikuwa mara nne ya deni. Watu walikatwa mishahara na marejesho ya kodi, wengine wakafilisika kwa kosa ambalo hawakulifanya, na 2022 jimbo likakubali kulipa dola milioni 20 kumaliza shauri lao. Huwa nawasimulia hiyo wanaoniambia, "Lakini Mwalimu, serikali ya huku haikosei."

Milango miwili

Kuna rufaa, na kuna ombi la kusamehewa deni, ambalo kwa Kiingereza huitwa waiver. Rufaa inasema: sidaiwi, au sidaiwi kiasi hicho. Ombi la msamaha linasema: hata kama nilizidishiwa, kosa halikuwa langu na kunilipisha si haki. Mtu akisikia neno msamaha anadhani ni kukiri dhambi, kwa hiyo anachagua mlango mmoja tu. Unaweza kugonga yote miwili, na mara nyingi inafaa ugonge yote. Angalia tu kwamba tarehe za mwisho huenda si moja, na kwamba kuomba msamaha peke yake hakuhifadhi haki yako ya rufaa.

Barua ya rufaa isikuumize kichwa. Nusu ukurasa inatosha: jina, namba ya faili iliyo kwenye barua yao, tarehe ya uamuzi unaoupinga, sentensi kwamba unakata rufaa, na sentensi mbili tatu za sababu. "Sikuacha kazi. Kiwanda kilisimamisha zamu yetu tarehe fulani na msimamizi akatuambia tusubiri kuitwa. Naomba mkalimani wa Kiswahili." Usiandike historia ya vita, wala maisha ya kambini, wala jinsi mwajiri alivyokudharau. Hayo yana mahali pake. Hakimu wa rufaa anaamua swali moja, na kila aya isiyogusa swali hilo inampa kitu cha kukunukuu vibaya.

Tuma kwa njia itakayokuachia ushahidi. Kama ni mtandaoni, piga picha ukurasa unaosema imepokelewa. Kama ni faksi, hifadhi ile karatasi ya uthibitisho. Maktaba nyingi za mji bado zina mashine. Kama ni posta, lipia risiti. Halafu omba nakala ya faili lako. Humo utakuta alichosema mwajiri na alichoandika yule aliyekuhoji kwa simu, na mara nyingi kisa chote kimejificha hapo. Kwa yule mama tulikuta mstari mmoja tu wa maelezo ya mahojiano, wenye kile kitenzi.

Wakati rufaa inasubiri, kama bado huna kazi, endelea kuthibitisha madai yako kila wiki kama kawaida hata wakiwa hawakulipi. Ukishinda, watakulipa wiki ulizothibitisha. Zile ulizoziruka kwa hasira ni vigumu sana kuzipata.

Siku ya kusikilizwa

Kikao kwa kawaida ni kwa simu, na kinaweza kuisha kwa nusu saa. Usipokuwepo unashindwa, mara nyingi bila mtu kufungua ushahidi wako.

Saa kwanza. Barua ikisema 9:00 asubuhi ya Kizungu, kwetu ni saa tatu. Inaonekana jambo la kitoto, ila nimemwona mtu mzima akisubiri kwa utulivu mpaka saa tisa alasiri, suti kavaa. Angalia pia kama saa hiyo ni ya eneo lako au ya makao makuu ya jimbo. Majimbo mengine yanataka uandikishe namba yako kabla, au upige wewe; mengine hupiga yenyewe kutoka namba isiyojulikana, ile ambayo simu yako imefundishwa kuizuia. Ondoa kizuizi hicho siku hiyo. Kaa chumbani, mlango umefungwa, watoto wamepelekwa kwa jirani. Usiwe unaendesha gari.

Mkalimani ni bure, mwombe mapema kwenye barua ya rufaa na ukumbushe tena kwa simu. Usimtumie mtoto wako. Anajua Kiingereza cha shuleni, hajui cha sheria, na hapaswi kusikia mamaye akiitwa mwongo. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, sema hivyo tangu unapoomba. Yule mama alipewa mtu wa pwani, Kiswahili kimenyooka kama cha Mombasa, mpole kabisa, lakini mama aliposema "balitupumuzisha," mkalimani akatafsiri kwamba walipewa mapumziko. Hakimu akauliza ya dakika ngapi. Bahati nzuri nilikuwa nimemwambia mama kwamba ukisikia swali la ajabu, usilijibu. Sema hujaelewa, rudia habari yako kwa maneno mengine. Akasema: "Walisema hakuna kazi, tusirudi." Hapo ikapita.

Jihadhari na adabu zetu. Sisi husema "ndiyo, ndiyo" kumwonyesha mtu kwamba tunamsikiliza. Kwenye rekodi ya kikao, ndiyo ni kukubali. Hakimu akiuliza, "Kwa hiyo uliripoti pungufu makusudi?" na wewe ukiitikia ndiyo kwa heshima kisha ungoje zamu yako ya kueleza, umeshajifunga. Vilevile "naomba mnisamehe": kwetu ni mlango wa kuanzia maongezi, kwao ni kukiri kosa. Nyamaza mpaka swali litafsiriwe hadi mwisho, halafu jibu kwa sentensi fupi.

Ushahidi utume kabla, pamoja na nakala kwa upande wa pili kama barua inavyoelekeza. Slipu za mshahara, taarifa ya benki, picha za kurasa ulizothibitishia wiki. Ujumbe wa simu ndio huwa dhahabu. Msimamizi wa yule mama alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la zamu yao kwamba hakuna kazi mpaka waitwe. Ujumbe ulikuwa umezama chini ya mamia ya picha za harusi na salamu za asubuhi, lakini ulikuwepo, na tarehe yake.

Kuomba deni lisamehewe

Katika majimbo mengi kipimo kina pande mbili: kosa halikuwa lako, na kulipa kutakunyima mahitaji ya lazima au kutakuwa dhuluma. Kwa hiyo kuna fomu ya mapato na matumizi. California, kwa mfano, ina ya kwake, DE 1446. Ijaze kwa ukweli wa mwezi wa kawaida, kodi ya nyumba, umeme, chakula, gari, dawa. Fedha unazotuma nyumbani hazina mstari wake. Kwetu ni matumizi ya lazima sawa na kodi ya nyumba, na mkaguzi anaweza asizihesabu, lakini ziandike chini ya mengineyo na uambatishe risiti za kuzituma. Ukiziacha, karatasi itaonyesha una dola mia tatu za ziada kila mwezi ambazo wewe mwenyewe hujawahi kuziona.

Sio kila jimbo lina mlango huu. Texas husema wazi kwamba sheria yake hairuhusu kusamehe deni la mafao, hata kwa mwenye shida. Huko nguvu zako zote zitie kwenye rufaa. Kwa mafao maalumu ya korona, yaliyoanzishwa Machi 2020 na kukoma mwanzoni mwa Septemba 2021, hali ni tofauti kidogo: Bunge la shirikisho liliyapa majimbo ruhusa ya kusamehe, na 2021 na 2022 Wizara ya Kazi ikaeleza mazingira ambamo jimbo linaweza kusamehe watu wengi kwa pamoja bila kila mmoja kuomba. Kama deni lako ni la miaka hiyo, uliza kama msamaha huo wa pamoja unakuhusu kabla ya kulipa.

Kama unadaiwa kweli

Ikibaki sehemu ambayo ni ya kweli, omba kulipa kidogo kidogo. Taja kiasi unachokiweza mwezi wa njaa. Majimbo mengine hutoza riba, uliza. Usikope kwenye yale maduka ya mkopo wa mpaka siku ya mshahara ili umalize deni la serikali. Utakuwa umemkimbia paka ukaangukia chui.

Ukiomba mafao tena siku za mbele, watakata humo. California hukata asilimia 25 ya kila wiki kwa deni lisilo na udanganyifu, na yote kwa lenye udanganyifu. Deni la udanganyifu, au lililotokana na kutoripoti mapato, linaweza pia kupelekwa Wizara ya Fedha likakatwa kwenye marejesho ya kodi ya shirikisho. Kabla ya hapo lazima utumiwe taarifa na upewe siku 60 za kujieleza. Kama mnajaza kodi pamoja na mwenzio na deni ni lako peke yako, fomu 8379 inamrudishia yeye sehemu yake. Hiyo fomu imeokoa ndoa zaidi ya moja hapa mtaani.

Utashangaa kwamba unadaiwa zaidi ya kilichoingia benki. Kama ulichagua wakukate kodi, kodi hiyo ilikwenda serikalini kwa jina lako, kwa hiyo inahesabika ulilipwa wewe. Ukirudisha fedha mwaka uleule uliozipokea, unaziondoa kwenye mapato ya mwaka huo. Ukirudisha mwaka mwingine na zikazidi dola 3,000, sheria ya kodi ina nafuu yake. Mwonyeshe anayekujazia kodi risiti za marejesho, maana hataulizia mwenyewe.

Sasa lile la uhamiaji. Kama barua inataja udanganyifu na wewe si raia, usisaini karatasi yoyote ya kukiri, hata wakikuambia ukisaini yataisha leo. Kukiri huko kunaweza kukusubiri kwenye usaili wa uraia, wanapopima mwenendo wako. Likifika mahakamani kama jinai na hasara ikazidi dola 10,000, hukumu inaweza kumfukuzisha mtu nchini. Hapo huhitaji mwalimu wa Jumapili kama mimi, unahitaji wakili anayejua uhamiaji. Kila jimbo lina shirika la msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo. Piga 211 uulize la eneo lako, useme neno rufaa na useme tarehe ya mwisho, maana huwapanga watu kwa tarehe.

Na kama hukuwahi kuomba mafao kabisa, mtu alitumia jina lako. Wakati wa korona ilikuwa kama mvua. Usilipe, ripoti kwa ofisi ya jimbo kwamba ni wizi wa utambulisho. Ukiletewa fomu 1099-G ya fedha ambazo hukupokea, taka irekebishwe. Matapeli nao huandika barua: yeyote anayetaka ulipe kwa kadi za zawadi au kwa Zelle ya mtu binafsi si serikali. Namba ya simu itafute kwenye tovuti ya jimbo, usipige iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Yule mama alishinda wiki 19. Zilibaki tatu alizofanya kazi ya usafi akaripoti kilichoingia benki, dola 588 kwa hesabu yao. Aliomba msamaha wakamkatalia, tukaomba alipe dola 25 kwa mwezi, wakakubali. Kila tarehe tano ananitumia picha ya risiti kwa WhatsApp bila neno. Barua nyingine ya jimbo ilipofika mwezi wa Machi, aliichana mwenyewe pale pale sandukuni, akanipigia. "Mwalimu, iko na tarehe ya tatu. Leo ni ya sita."